Kulinda akili za watumishi wa afya wakati wa mlipuko: mwongozo kwa wafawidhi wa vituo mkoani Kigoma

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi na muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya au zahanati, yule ambaye mlipuko ukiingia ndiye anayepanga zamu, anayegawa glovu na anayepigiwa simu saa 8 usiku. Kigoma tunajua milipuko. Mei 2015 kipindupindu kilipiga Kagunga, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamejazana kwenye ufukwe mwembamba wakisubiri meli, na wauguzi walihudumia watu kwa namna ambayo hakuna chuo kinachofundisha. Ikaja korona mwaka 2020. Mkoa wa Kagera, tunaopakana nao upande wa kaskazini, ukapata Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, Machi 2023, na mmoja wa waliofariki alikuwa mtumishi wa afya. Januari 2025 Marburg ikarudi huko huko, Biharamulo.

Watu wengi wakisikia "afya ya akili ya watumishi" hufikiria mtaalamu anayekuja na semina ya siku moja. Semina haina ubaya. Lakini sehemu kubwa ya kinachomvunja muuguzi wakati wa mlipuko hutokana na mambo yaliyo mikononi mwa mfawidhi: ratiba, maji ya kunywa, taarifa, posho, na nani anaachwa peke yake na uamuzi mgumu usiku. Anza na hayo. Maongezi yatafuata, na yatasikika zaidi kwa mtu aliyelala.

Kabla mgonjwa wa kwanza hajafika

Chukua daftari la kurasa 96, liandike "Watumishi", ulifungie kwenye droo yenye ufunguo. Kila mtumishi apate kurasa mbili. Andika: simu yake, simu ya ndugu wa karibu, anaishi na nani, nani anamlea mtoto akiwa zamu, ana ugonjwa wa kudumu gani, ni mjamzito au ananyonyesha, amewahi kutibiwa sonona au tatizo jingine la akili (akipenda mwenyewe kusema), na wakati wa shida angependa aitwe nani: sheikh, padre, mchungaji, dada yake. Wahoji mmoja mmoja, dakika 10 kila mtu. Usipitishe karatasi wajaze mezani mbele ya wenzao, maana utapata majibu ya uongo.

Usiwasahau mhudumu wa usafi, mlinzi, dereva wa gari la wagonjwa na anayefua. Hao ndio huzoa matapishi na kubeba miili, na mara nyingi hawajaelezwa ugonjwa unaambukizwaje. Hofu ya mtu asiyeelezwa ni kubwa kuliko ya aliyeelezwa, na huambukiza kituo kizima.

Ratiba ya zamu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya kazi isiyofungwa, mfano muuguzi mmoja wa wadi ya kutenga wagonjwa, ikigawanywa kwa watu 4, kila mmoja hufanya saa 42, na hapo hujahesabu anayeugua wala anayefiwa. Weka watu 5 kwa kila nafasi. Na kwa kuwa hakuna mtu anayepaswa kuingia wadi ya kutenga peke yake, nafasi ni mbili, yaani watu 10. Vituo vingi vyetu havina watu 10. Ukiwa nao 7, kila mmoja atafanya saa 48 kwa wiki. Inavumilika kwa wiki 2 au 3, haivumiliki kwa miezi. Ukiwa na chini ya 7, mwenza wa pili mchana anaweza kuwa mhudumu wa afya aliyefundishwa kuvaa na kuvua vifaa kinga. Siku hiyo hiyo mwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba watu, ukiweka hesabu hii kwenye barua. Barua inayosema "tumezidiwa" huwekwa pembeni. Inayosema "nafasi 2, saa 336 kwa wiki, watu 5, kila mmoja saa 67" hujibiwa.

Ona hesabu nyingine, ya kipindupindu. Mgonjwa wa kilo 50 aliyekauka vibaya anahitaji lita 5 za maji ya dripu, Ringer's Lactate, ndani ya saa 3, na lita 1.5 kati ya hizo ziingie nusu saa ya kwanza. Ni chupa 10 za nusu lita. Wagonjwa wanne wa namna hiyo wakiingia pamoja, muuguzi anabadilisha chupa 40 kwa saa 3, chupa moja kila dakika nne na nusu, kabla hajatafuta mshipa, hajamwaga ndoo, hajajibu ndugu. Akirudi kwa yule wa nne akakuta chupa imekauka na mtu amelegea, atajilaumu mwaka mzima. Huyo muuguzi hana udhaifu wowote, amepewa kazi ya watu wawili. Ndiyo maana tunasema ratiba ni dawa ya akili.

Mgawanyo wa saa unaofaa kwa mazingira yetu ni huu: asubuhi saa 1 hadi saa 9 alasiri, jioni saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku, usiku saa 2 hadi saa 1 asubuhi. Ule mgawanyo wa saa 8 tatu zilizo sawa unapendeza kwenye karatasi, ila unamtoa muuguzi wa jioni saa 5 usiku, wakati bodaboda za Gungu au Katonga zimepungua na njia imekaa kimya. Hofu ya njiani nayo ni mzigo. Usiku ukiwa mrefu wa saa 11, kila mmoja wa wawili alale saa 2 kwa zamu, kwenye kitanda halisi chenye neti, mlango ukiwa umefungwa. Kuegemeza kichwa mezani hakuhesabiki.

Kanuni chache zisizovunjwa:

- Usiku 3 mfululizo, basi. Baada yake siku 2 kamili za mapumziko. Siku anayotoka nait (zamu ya usiku) si mapumziko, ni siku ya kulala.
- Wiki 2 wadi ya kutenga, kisha angalau wiki 1 kliniki ya kawaida. Wapo watakaokataa kutoka, wakisema "nimeshazoea". Hao ndio wa kutolewa kwanza.
- Mkongwe aende na mgeni. Wageni wawili pamoja hutishana, wakongwe wawili pamoja huacha hatua.
- Mwenye mtoto anayenyonya, mjamzito, na aliyefiwa ndani ya wiki 2 wasianzie wadi ya kutenga.
- Ratiba ibandikwe kwa wiki 2 mbele. Ratiba inayotoka leo jioni kwa ajili ya kesho asubuhi humfanya mtu aishi akisikilizia simu, hata akiwa nyumbani anakula.

Ndani ya vifaa kinga

Kwa magonjwa kama Marburg na Ebola, ambapo mtu huvaa gauni zima, barakoa, miwani na buti, joto la Kigoma halimruhusu kukaa zaidi ya saa 1 hivi. Andika muda wa kuingia kwenye ubao unaoonekana kwa dirisha, na mwenza aliye nje awe mtunza saa. Akitoka: kuvua kwa utaratibu akisomewa hatua moja moja, kisha kivulini nusu saa, nusu lita ya maji au zaidi, na kitu chenye chumvi. Kizunguzungu, hasira za ghafla na kusahau hatua ni dalili za mwili kukauka na kuchoka. Watu huziita woga. Mpe maji na kivuli kabla ya kumpa nasaha.

Jina liandikwe kwa kalamu nene kifuani na mgongoni, herufi kubwa. Linamsaidia mgonjwa kujua anaongea na nani, na linamsaidia mtumishi pia: kuitwa "wewe wa njano" siku 10 mfululizo humfanya mtu ajione hayupo.

Hofu ya kupeleka ugonjwa nyumbani

Hii ndiyo hofu kubwa kuliko zote, na wengi hawaisemi. Mtumishi anarudi Mwanga au Ujiji kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye watu sita. Ushauri wa "jitenge chumbani" haumsaidii. Msaidie kwa ukweli wa ugonjwa wenyewe, kwa maana kila ugonjwa una njia yake.

Kipindupindu hupita kwenye chakula, maji na mikono michafu. Akinawa vizuri kwa sabuni kabla ya kutoka na akifika nyumbani, anaweza kumbeba mwanawe. Hakuna sababu ya sahani yake kutengwa. Marburg na Ebola haziambukizwi na mtu ambaye bado hana dalili. Dalili huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, kwa hiyo kinachohitajika ni kupima joto asubuhi na jioni na kutoa taarifa mara homa inapoanza. Korona hupita kwenye hewa, na mtu anaweza kuambukiza kabla hajajisikia vibaya. Hapo barakoa, madirisha wazi na kulala mbali na mzee mwenye kisukari vina maana. Mweleze kila mtu haya kwa mdomo, umwache aulize, kisha umpe ukurasa mmoja aupeleke nyumbani ausome na mumewe au mkewe. Nyumbani ndiko wanakobishana usiku.

Kituoni andaa bafu au hata uzio wa turubai wenye ndoo ya maji tiririka, sabuni, kandambili za kuendea nyumbani, na kamba ya nguo. Sare zifuliwe kituoni. Simu iingie wadini ndani ya mfuko wa plastiki au isiingie kabisa. Ukimpa mtu mahali pa kuivua kazi, anatoka getini akiwa mwepesi.

Unyanyapaa utakuja: mwenye nyumba anamwambia muuguzi ahame, bodaboda anampita, mtoto anaitwa majina shuleni. Usingoje ufike kwa polisi. Siku ya kwanza ya mlipuko, wewe mwenyewe nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, imamu wa msikiti wa jirani na kiongozi wa kanisa, uwaeleze njia za ugonjwa na uwaombe walitamke hadharani. Sentensi moja ya imamu baada ya swala ya Ijumaa hufanya kazi ambayo vipeperushi 200 haviwezi. Kwa wahudumu wakimbizi wanaofanya kazi ndani ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa anayemhudumia ndiye jirani yake wa hema la pili, na akimaliza zamu hana mahali pengine pa kwenda. Hao wapewe kipaumbele cha sehemu ya kupumzikia ndani ya kituo.

Dakika 10 za mwisho wa zamu

Kila zamu inapokabidhi, anayetoka na mwenza wake wakae chini na kiongozi wa zamu. Kivulini, chini ya mwembe, popote ambapo ndugu wa wagonjwa hawasikii. Dakika 10 tu. Maswali manne, kwa mpangilio huu:

"Leo nini kimekuwa kigumu?" Kila mmoja sentensi mbili tatu.

"Nini kimekwenda vizuri?" Hata kidogo: mshipa uliopatikana mara ya kwanza kwa mtoto aliyekauka.

"Nini kirekebishwe kabla ya zamu ijayo?" Hili liandikwe, na lirekebishwe. Ndoo iliyopasuka ikitajwa siku tatu na bado ipo, siku ya nne hakuna atakayeongea.

"Unaenda nyumbani na nani, na utalala saa ngapi?"

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa. Baada ya kifo kibaya, hukusanya watumishi wote na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona na alivyojisikia, hatua kwa hatua, wakidhani kutapika maumivu ni kupona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi mahojiano ya namna hiyo ya mara moja baada ya tukio. Hayazuii kiwewe, na kwa wengine huchubua kidonda upya. Anayetaka kusimulia, msikilize. Asiyetaka, usimlazimishe. Kaa naye, mpe chai, mwambie uko wapi ukihitajika.

Kinachopendekezwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mambo yake ni matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama wake na mahitaji ya haraka (ana maji? ana usafiri? mtoto yuko na nani?). Sikiliza bila kukatiza na bila "jikaze, wewe ni muuguzi". Unganisha na ndugu, na kiongozi wa dini, na huduma. Haihitaji shahada, ila inahitaji kujizuia kutoa mawaidha.

Wenza wawili nao wapeane maswali matatu kila wanapokutana: umelala saa ngapi, umekula nini, nini kimekuganda kichwani. Jibu la "niko sawa" mara tatu mfululizo kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida huongea ni taarifa ya kumpelekea mfawidhi.

Maamuzi yanayobaki rohoni

Kuna maumivu ambayo usingizi hauponyi: mtungi wa oksijeni mmoja na wagonjwa wawili, chupa za mwisho za dripu, maiti inayozikwa bila kuoshwa wakati mama wa marehemu analia getini. Mtumishi anajua kilichokuwa sahihi, na hakuweza kukifanya. Hilo ni jeraha la dhamiri.

Kinga yake ni kutomwacha mtu mmoja abebe uamuzi. Kabla ya uhaba kuanza, kaeni na tabibu, muuguzi mfawidhi na mtu wa halmashauri, muandike kanuni: nani anapata kwanza, kwa vigezo gani vya kitabibu, na nani anapigiwa simu. Uamuzi wa usiku uandikwe kwenye faili kwa maneno haya au yanayofanana: "Oksijeni ilikuwa mtungi 1. Uamuzi umefanywa kwa kanuni ya kituo, na (majina mawili), baada ya simu kwa (jina), saa kadhaa." Saini mbili. Miezi sita baadaye, akiamka usiku akijiuliza, karatasi hiyo ipo.

Kuhusu mazishi, mwite sheikh au padre mapema, mtu akiwa bado mahututi, mwelezane nini kinaruhusiwa kwa ugonjwa huo. Ndugu wapewe nafasi ya kumwona marehemu kwa umbali salama, wasome dua au sala, waone kaburi. Familia ikitendewa hivyo matusi kwa wauguzi hupungua sana, na muuguzi analala akijua alimsitiri mtu.

Posho

Tulijue hili waziwazi: posho isiyoeleweka inaharibu ari kuliko posho ndogo. Uliza halmashauri mambo matatu kwa maandishi, yaani kiasi, nani analipa na lini. Ukijibiwa, bandika jibu. Usipojibiwa, bandika "tumeuliza tarehe fulani, hatujajibiwa", na usiahidi fedha ambayo haiko mkononi mwako. Karatasi ya mahudhurio isainiwe kila zamu na kupigwa picha jioni, ili isije ikapotea na jasho la watu. Mtumishi akiambukizwa kazini, toa taarifa mapema Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kupitia mwajiri, ukiambatisha ratiba inayoonyesha alikuwa wadini. Ratiba ile ile uliyoihangaikia ndiyo ushahidi.

Taarifa nazo ziende vivyo hivyo. Ujumbe mmoja wa mfawidhi kila siku saa 1:30 asubuhi kwenye kundi la WhatsApp: wagonjwa wangapi, vifaa kinga vinatosha siku ngapi, nini kimebadilika. Saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi kundi linyamaze. Dharura ipigwe simu. Majibu ya vipimo vya mtumishi yasitajwe kundini kamwe. Uvumi ukianza, namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure, mtu apige asikie mwenyewe.

Mtumishi aliyewekwa karantini

Siku 21 ndani ya chumba, ukihesabu kila nyuzi ya joto, ni ndefu. Mtu mmoja aliyeteuliwa ampigie simu mara mbili kwa siku, saa zile zile, na asikose. Simu ikichelewa, aliye ndani huanza kufikiri kuna kitu anafichwa. Mtumie vocha, redio, kitabu chake cha dini, chakula alichozoea: mgebuka, ugali wa muhogo, kitu cha nyumbani. Hakikisha kuna anayejua watoto wamekula. Mpe kazi nyepesi akipenda, kama kujumlisha takwimu za siku kwa simu, kwani mtu anayehitajika hustahimili zaidi.

Homa ikija, kumbuka kwamba mkoa wetu una malaria nyingi. Achukuliwe kipimo cha malaria pamoja na cha ugonjwa wa mlipuko, na aelezwe majibu na mtu anayemfahamu, ana kwa ana au kwa simu, asiyasikie mlangoni. Akimaliza siku zake, mpe barua yenye mhuri inayosema hana maambukizi, na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Zamu yake ya kwanza iwe ya asubuhi, na mwenza wake wa zamani.

Mwenzetu akifariki

Waambie watumishi kwa mdomo, wakiwa wamekaa, ndani ya saa moja, kabla kundi la WhatsApp halijaanza kuandika "R.I.P.". Walioko nyumbani wapigiwe mmoja mmoja, ukianza na mwenza wake wa zamu. Sema neno "amefariki", usizunguke. Eleza unachokijua kuhusu alivyoambukizwa, na kama hujui, sema uchunguzi unaendelea. Bila hivyo kila mtu atatafuta kosa lake mwenyewe.

Mwenza na waliomhudumia watolewe zamu kwa siku 3 angalau. Wanaotaka kubaki kazini wabaki, ila wadi nyingine. Vitu vyake kwenye kabati visikusanywe na rafiki yake wa karibu.

Halafu ile ratiba ukutani. Jina lake lipo pale, Jumanne usiku, Jumatano usiku. Usilikate kwa kalamu nyekundu, na usiliache. Andika ratiba mpya nzima usiku huo huo, uibadilishe kabla zamu ya asubuhi haijaingia. Ile ya zamani ihifadhi kwenye daftari.

Kutambua na kupima

Watu wetu hawaji wakisema "nina sonona". Husema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili umekufa ganzi, vidonda vya tumbo vimerudi, nina mawazo. Mpime malaria, shinikizo la damu na sukari kwanza, usimwambie "ni msongo tu" kabla hujapima. Kisha, kila baada ya wiki 2, muulize kila mtumishi maswali mawili, faraghani:

Katika wiki 2 zilizopita, mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa?

Hapana kabisa ni 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, endelea na dodoso lote la maswali 9 la kupima sonona, PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Alama 10 na kuendelea, mpeleke kwa mtaalamu kupitia mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya 0, hatua ni za siku hiyo hiyo bila kujali jumla.

Faraghani maana yake nini kituo chenye chumba kimoja cha ushauri? Panga mazungumzo hayo ndani ya kitu kingine: ukaguzi wa chanjo za watumishi, au kupima presha kwa wote siku ya malipo. Kila mtu akiingia, hakuna anayejulikana kaingia kwa nini.

Jambo moja la dawa. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa mtumishi asiyelala baada ya tukio la kutisha imekuwa desturi, na ni desturi mbaya. Katika mwezi wa kwanza haipendekezwi. Huchelewesha kupona na hujenga utegemezi, hasa kwa mtu mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Punguza nait, ondoa chai na kahawa baada ya saa 10 jioni, zima simu. Pombe pia ifuatilie: aliyekuwa anakunywa Jumamosi na sasa anakunywa kila anapotoka zamu, zungumza naye wiki hii.

Hatari ya kujiua

Dalili: anagawa vitu vyake, anasema "mtapumzika na mimi", anaaga isivyo kawaida, ametulia ghafla baada ya wiki za dhiki. Muulize moja kwa moja, kwa sauti ya chini: "Dada, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupumua. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia.

Usimwache peke yake hata kwenda chooni, mwenza asimame mlangoni. Funguo za kabati la dawa zichukuliwe bila makelele, nyumbani ndugu waondoe sumu ya panya na viuatilifu. Mpe rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ukiwa umepiga simu kabla ili apokelewe na mtu badala ya foleni. Kutoka vijiji vya ziwani, Kalya au Kagunga, safari ni ya boti na ziwa huchafuka. Asipande bila watu wawili anaowaamini, na kama upepo ni mbaya, mlaze kituoni chini ya uangalizi wa zamu hadi kutulie. Kwenye rufaa andika dalili na usalama, usiandike hukumu.

Mlipuko ukitangazwa umekwisha

Kwa Marburg na Ebola tangazo huja baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Wageni huondoka, magari huondoka, na hapo ndipo wengi huanguka, kwa kuwa mwili ulikuwa ukishikiliwa na haraka. Toa likizo kwa zamu, ukianza na walioingia wadi ya kutenga kwanza. Rudia maswali mawili mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, tarehe ziandikwe sasa hivi kwenye daftari. Mtu anayeendelea kuota ndoto zile zile, anayekwepa wadi ile, au anayeshtuka kila mlango ukigongwa baada ya mwezi mmoja, mpeleke kwa mtaalamu.

Siku ya kufungua tena chumba kilichokuwa cha kutenga, kipakwe chokaa na vitanda vibadilishwe upande. Waliofanya kazi humo waalikwe kuingia kwanza, wenyewe, kabla ya wagonjwa.